Kutenganisha Zito na Jepesi

Vitu vingi vya dunia hii hatuvipati vikiwa safi. Mchele huja na pumba zake, dhahabu huja na mchanga wake, na maziwa huja na mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji. Maumbile huchanganya, mwanadamu hutenga. Nadhani kama ingewezekana kuzihesabu saa zote ambazo binadamu wametumia katika kazi tangu kale, tungeona kwamba sehemu kubwa ilikwenda katika kutoa kitu kimoja ndani ya kingine. Lugha yetu ni shahidi wa jambo hili. Inayo maneno kupepeta na kupembua, kuchekecha na kuchuja, kuchambua na kuengua. Na kazi hizo zina vyombo vyake: ungo, chekeche, kifumbu, kitambaa. Watu hawatungi maneno mengi hivyo kwa kazi wasiyoijua.

Katika insha hii nataka kueleza habari za chombo kimoja kisichokuwa na jina la zamani katika lugha yetu, kwa kuwa chenyewe hakikuwapo. Ni mtambo uzungukao kwa kasi kubwa ili kutenga kitu kizito na kitu chepesi. Wataalamu huuita sentrifuji. Umo katika viwanda vya maziwa, umo katika migodi, umo katika hospitali, na umo ndani ya meli kubwa ambako husafisha mafuta ya injini. Watu wengi hufaidi kazi yake kila siku wala hawaujui. Mimi nauheshimu kwa sababu moja. Hauongezi kitu chochote ndani ya mchanganyiko: hautii dawa, hautii moto, hautii sumu. Huichukua tofauti iliyokuwamo tangu mwanzo, ukaikuza mpaka ikaonekana. Jambo hilo laweza kudhaniwa dogo, walakini mahali pengine katika nchi yetu ndilo linaloweza kutenga afya na maradhi.

Tuanze na ungo, maana ndio bibi wa mitambo hii yote. Mwanamke apepetaye mchele huurusha juu, upepo ukapita kati. Pumba zikachukuliwa, mchele ukarudi mahali pake. Watu husema kwamba pumba ni nyepesi na mchele ni mzito, lakini usemi huo hautoshi. Gunia zima la pumba ni zito kuliko punje moja ya mchele. Kinachopasa kulinganishwa ni uzito wa vitu viwili vyenye ukubwa sawa. Chukua chombo cha lita moja ukakijaza maji. Maji hayo yatakuwa na uzito wa kilo moja. Ukikijaza mafuta ya maziwa, yatakuwa kiasi cha gramu 930 tu. Ukikijaza mwamba mweupe wa kwatzi bila kuacha nafasi, utakuwa kilo 2.65. Ukibahatika kukijaza dhahabu tupu, itakuwa kilo 19.3, na kukiinua kwa mkono mmoja itakuwa kazi ya mwenye nguvu. Uzito huo wa kitu kwa kadiri ya nafasi inayoshikwa nacho ndio uitwao densiti.

Mkulima wa kahawa wa Nyeri au Kirinyaga anaijua densiti hata kama hajapata kulisikia neno lenyewe. Kahawa ikisha kumenywa ganda lake jekundu kiwandani, punje hupitishwa katika maji. Zilizokomaa vizuri ni nzito, nazo huzama na kutengwa kuwa daraja la kwanza. Zilizo hafifu huchukuliwa na maji kwenda madaraja ya chini, na za mwisho kabisa huelea. Mpishi wa pwani naye anaijua. Akiliacha tui la nazi usiku kucha, hulikuta asubuhi limejigawa: mafuta juu, maji chini. Hakuna mkono uliolitenga. Nguvu ya dunia imevuta vyote viwili, lakini imevuta maji zaidi kwa kadiri ya nafasi yake, nayo yakashuka na kuyapandisha mafuta.

Lakini maji na subira vina mpaka wake. Mwaka 1851 George Gabriel Stokes, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifundisha hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alitoa kanuni ya mwendo wa chembe ndogo ndani ya kioevu. Kwa maneno mepesi, kanuni hiyo husema kwamba mwendo wa chembe katika kuzama au kupanda hutegemea mambo manne. La kwanza ni tofauti ya densiti baina ya chembe na kioevu. La pili ni ukubwa wa chembe. La tatu ni namna ya kioevu chenyewe, maana chembe hupita upesi katika maji kuliko katika asali. La nne ni nguvu inayoivuta. Katika hayo manne, ukubwa ndio wenye hukumu kali zaidi. Chembe ikipungua upana wake mara mbili, mwendo wake hupungua mara nne. Upana ukipungua mara kumi, mwendo hupungua mara mia.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Punje ya kahawa yaonekana kwa macho, nayo huzama mbele yako. Tone la mafuta ndani ya maziwa aghalabu lina upana wa sehemu tatu au nne za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Likiachwa katika sufuria litapanda, lakini litapanda kwa saa nyingi, na katika nchi ya joto maziwa huchacha kabla ya safari hiyo kwisha. Wazee wamesema subira yavuta heri, na wamesema kweli. Ila maziwa hayakupata kuisikia methali hiyo.

Basi mwanadamu afanye nini? Tofauti ya densiti hawezi kuibadili, kwa kuwa ni tabia ya vitu vyenyewe. Ukubwa wa tone ameukuta. Maziwa aweza kuyapasha moto kidogo ili yawe laini, lakini msaada wa moto huo si mkubwa. Limesalia jambo moja tu, nalo ni nguvu ya kuvuta. Na nani awezaye kuiamuru dunia ivute zaidi? Jibu lilikuwa katika mchezo wa watoto. Utotoni tulikuwa tukijaza ndoo maji nusu, tukaizungusha kwa mkono juu ya vichwa vyetu, na maji hayakumwagika hata ndoo ilipokuwa imepinduka. Kila abiria wa basi linaloteremka Bonde la Ufa amelionja jambo hilo hilo. Basi likikata kona kwenda kushoto, mwili wake humlemea jirani wa kulia. Hakuna aliyemsukuma. Mwili wake ulikuwa ukitaka kuendelea moja kwa moja, ilhali basi limegeuka.

Ndani ya pipa lizungukalo kila kitu kina hamu hiyo ya kwenda moja kwa moja, na kila kitu huzuiwa na ukuta. Kilicho kizito kwa kadiri ya nafasi yake hushinda katika msukumano, kikashika mahali pa nje kabisa. Kilicho chepesi hubanwa kuelekea katikati. Juu na chini havina maana tena: nje pamekuwa chini, na katikati pamekuwa juu.

Na nguvu yake ni kubwa kiasi gani? Tupige hesabu. Pipa la chuma lenye nusu kipenyo cha sentimita 15 likizungushwa mara 6,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia mita 94 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Vitu vilivyomo huelemea ukuta kwa nguvu iliyozidi uzito wao wa kawaida zaidi ya mara 6,000. Punje ya gramu moja huwa kama mzigo wa kilo sita. Mwanafunzi wa fizikia aweza kuihakiki hesabu hii kwa kalamu yake, naye ataona jambo jingine: mwendo wa pipa ukiongezwa mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Tone la mafuta lililohitaji nusu siku sasa humaliza safari yake upesi kuliko mtu amalizavyo kusoma aya hii.

Huko Ujerumani katika miaka ya 1870 Wilhelm Lefeldt alizungusha ndoo za maziwa, na mafuta yakajitenga. Lakini ilipasa mtambo usimamishwe, malai yaenguliwe, ndoo zijazwe tena, kisha kazi ianze upya. Mhandisi wa Sweden, Gustaf de Laval, aliyezaliwa mwaka 1845, aliona kwamba kusimama huko ndiko kulikokula faida. Mwaka 1878 alipata hataza ya mtambo usiosimama. Maziwa yaliingia bila kukatika. Malai yakatoka kwa mlango wake, na maziwa yaliyoenguliwa yakatoka kwa mlango wake. Mwaka 1883 yeye na Oscar Lamm walianzisha kampuni ya AB Separator, ambayo baadaye ilichukua jina la Alfa-Laval. Kisha Mjerumani Clemens von Bechtolsheim akabuni jambo la akili nyingi, na kampuni hiyo ikainunua haki yake. Alipanga ndani ya pipa sahani nyembamba zenye umbo la pia, moja juu ya nyingine, zikiachana kwa nafasi ndogo mno. Tangu hapo tone halikulazimika kusafiri upana wote wa pipa; lilihitaji kufika kwenye sahani iliyo jirani tu. Safari ya sentimita nyingi ikawa safari ya milimita. Nguvu haikuongezwa, njia ndiyo iliyofupishwa. Nimeona mara nyingi katika maisha kwamba watu wakishindwa na kazi hutafuta nguvu zaidi, na wachache huuliza kama njia yaweza kufupishwa.

Mashine ndogo za mkono za kampuni hiyo zilienea mashambani katika nchi nyingi. Mtu aligeuza mpini kiasi cha mara 60 kwa dakika, na meno ya magurudumu yakazidisha mwendo huo kuwa maelfu. Nyingine zilitiwa kengele. Mpini ukigeuzwa polepole mno kengele ililia kila mzunguko. Mwendo ukitimia kengele ilinyamaza, na hapo ndipo maziwa yalipofunguliwa. Kimya kilikuwa ishara ya kazi njema.

Mtambo huu una sharti moja ambalo hauwezi kusamehe, nalo ni usawa. Ikiwa upande mmoja wa pipa tulilolitaja umezidi mwenziwe kwa gramu moja tu, ziada hiyo huuvuta mhimili kama kilo sita, mara upande huu mara upande ule, mara mia kwa kila sekunde. Pipa hutetemeka, mhimili huchoka, na chuma chaweza kupasuka na kurusha vipande kama risasi. De Laval alipokuwa akitengeneza mtambo wake wa kuendeshwa kwa mvuke, uliozunguka kasi zaidi ya mapipa ya maziwa, alikutana na adui huyo. Mtu angetarajia kwamba dawa yake ni mhimili mnene usiopinda. Yeye alitumia mhimili mwembamba unaokubali kupinda kidogo, nao ukipita mwendo fulani hujitafutia kati yake wenyewe na kutulia.

Mashine za maziwa zilifika Kenya pamoja na walowezi wafugaji. Maziwa hayasafiri mbali katika joto, lakini siagi huweza. Mwaka 1925 walowezi hao waliunda chama cha ushirika, Kenya Co-operative Creameries, na siagi ya Kenya ikauzwa ng'ambo. Katika biashara hiyo chepesi ndicho kilichokuwa na heshima. Malai yalipelekwa kiwandani, na maziwa yaliyoenguliwa, yaliyo mazito, mara nyingi yalinyweshwa ndama na nguruwe. Hata hivyo karibu protini yote ya maziwa ilikuwa imebaki katika hicho kilichodharauliwa. Leo viwanda huyakausha yawe unga au huyageuza kuwa maziwa ya mgando, na watu huyanunua kwa fedha.

Jambo hili hunipa mawazo. Katika usemi wetu neno mzito na neno mwepesi ni maneno ya kuhukumu. Mtu mzito ni mtu wa heshima, na hoja nyepesi ni hoja ya kudharauliwa. Mtambo haujui hukumu hiyo. Katika kahawa husifiwa kizito, katika maziwa hutafutwa chepesi, na katika damu vyote viwili ni uhai. Damu ya mtoaji mmoja ikizungushwa katika mfuko wake, chembe nyekundu hukaa chini kwa uzito wao, na maji ya manjano yaitwayo plazima hukaa juu. Baina yake hupatikana chembe nyembamba za kugandisha damu. Mama aliyepoteza damu katika uzazi aweza kupewa chembe nyekundu. Aliyeungua moto aweza kuhitaji plazima. Mgonjwa wa saratani aweza kuhitaji zile za kugandisha. Mtu mmoja ametoa, watu watatu wamepona. Mtambo umetenga tu; thamani imetoka katika haja ya mwenye kupokea.

Hapa yafaa niondoe kosa moja la watu wengi. Katika viwanda vya sukari vya magharibi mwa Kenya mnazunguka mapipa makubwa, nayo pia huitwa sentrifuji, lakini kazi yake si hii. Pipa la sukari lina ukuta wenye matundu. Likizunguka, asali nyeusi ya miwa hupenya nje, na punje za sukari huzuiwa ndani. Huko ni kuchuja kwa nguvu kubwa, kama kifumbu cha nazi kinavyochuja tui. Hakulinganishwi uzito, hulinganishwa ukubwa wa punje na ukubwa wa tundu. Chombo chafanana na chombo, na kazi haifanani na kazi.

Tena mtambo una mpaka. Hautengi visivyotofautiana. Penye tofauti ndogo sana hulazimika kurudia kazi mara nyingi, na mfano mkubwa ni madini ya urani. Kuna urani za aina mbili zilizochanganyika, na ili zitengwe hugeuzwa kwanza kuwa gesi. Chembe ya gesi ya aina moja ina uzito wa 349 na ya aina ya pili 352, tofauti isiyofika hata moja kwa mia. Gesi hupitishwa katika mitambo mingi iliyofuatana, kila mmoja ukatenga kidogo na kumpa mwenziwe. Ikitengwa kidogo, kiasi cha tatu hadi tano kwa mia, hufaa kwa vituo vya umeme. Ikitengwa mpaka kiasi cha 90 kwa mia, hufaa kwa bomu. Kwa sababu hiyo wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lililoundwa mwaka 1957 na lenye makao yake Vienna, huihesabu na kuichungua. Gurudumu ni lile lile. Nia ya mwenye kulizungusha ndiyo huamua kama nyumba zitawashwa taa au zitateketezwa.

Sasa nafika mahali ambapo jambo hili si la mbali wala si la mataifa makubwa. Mwaka 1931 dhahabu ilipatikana Kakamega, na wachimbaji wa kigeni wakamiminika. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi yao ikichukuliwa wangepewa ardhi nyingine badala yake. Mwaka 1932 sheria hiyo ilibadilishwa ili machimbo yasizuiwe. Makampuni yalichimba, yakachukua, na mgodi mkubwa wa Rosterman ukafungwa mwaka 1952. Makampuni yaliondoka, lakini dhahabu haikwisha. Ilibaki ile iliyo chache na iliyo ndogo, nayo ndiyo hutafutwa na wachimbaji wadogo wa Kakamega, Siaya, Migori na kwingineko.

Kazi yao ni ngumu. Wanaume huteremka katika mashimo na kupandisha mawe. Mawe huvunjwa, husagwa yawe unga, kisha huoshwa kwa maji juu ya mbao za mteremko zilizotandikwa matambara au magunia. Dhahabu, kwa kuwa ni nzito, hunasa katika nyuzi, mchanga hupita. Kisha kilichonaswa huoshwa tena ndani ya karai kwa mkono uyumbishao maji kwa ustadi. Kazi hii ya kuosha aghalabu hufanywa na wanawake, na mimi sioni tofauti kati ya karai lao na ungo wa mama zao. Ni elimu ile ile ya zito na jepesi.

Kwa punje kubwa elimu hiyo yatosha. Ndani ya maji dhahabu humshinda mwenziwe kwatzi kwa zaidi ya mara saba zile za nchi kavu, kwa kuwa maji huvipunguzia vyote viwili uzito ulio sawa na wa maji yaliyosukumwa. Dhahabu hubakiwa na 18.3, kwatzi hubakiwa na 1.65, na tofauti ikawa mara kumi na moja. Lakini kumbuka hukumu ya Stokes. Dhahabu iliyosagwa kuwa vumbi huzama polepole mno, na maji yapitayo huichukua pamoja na mchanga. Mchimbaji aliyetoka jasho kutwa huona mali yake ikienda na tope.

Ili asiipoteze hutumia zebaki. Zebaki ni metali ya kioevu yenye densiti ya 13.5, mchanga huelea juu yake, na dhahabu huingia ndani yake na kushikamana nayo. Wengi huichanganya kwa mikono mitupu. Kisha huikamua katika kitambaa, na donge lililobaki huchomwa juu ya makaa. Zebaki huondoka kwa mvuke, dhahabu hubaki. Ni njia rahisi, ya upesi, na isiyohitaji mtaji mkubwa. Lakini mvuke ule hauna rangi wala harufu, na mwenye kuuvuta hajui kwamba ameuvuta. Hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hudhuru figo, mikono huanza kutetemeka. Zebaki inayomwagika hufika mitoni na ziwani, ambako viumbe vidogo huigeuza kuwa sumu kali zaidi iingiayo katika samaki, na kutoka kwa samaki huingia katika mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Dunia ililijua hilo kwa msiba. Mwaka 1956 huko Minamata, nchini Japani, yaligunduliwa maradhi ya watu waliokula samaki wa ghuba iliyotiwa zebaki na kiwanda cha kemikali. Kwa jina la mji huo mataifa yalifunga mkataba wa kupunguza zebaki mwaka 2013, nao ukaanza kutumika mwaka 2017. Uchimbaji mdogo wa dhahabu umetajwa kuwa ndio unaotoa zebaki nyingi zaidi hewani kuliko kazi nyingine yoyote ya binadamu.

Ni rahisi kwa mtu aliyeshiba kumwambia mchimbaji aache zebaki. Si rahisi kumwonyesha atumie nini. Hapo gurudumu letu linarudi. Byron Knelson wa Canada alibuni bakuli lenye mifereji ya duara ndani yake, lizungukalo mpaka kila punje ikawa na uzito wa mara 60. Vumbi la dhahabu ambalo maji yangelichukua sasa huikimbilia mifereji na kukaa humo. Na kwa kuwa mchanga uliobanwa hivyo ungeshikamana kama saruji na kuifungia dhahabu nje, maji husukumwa ndani kupitia matundu madogo ya ukuta ili kuulegeza mchanga daima. Chepesi hupanda na kutoka, kizito hubaki. Kazi ikisha, bakuli husimamishwa na kuoshwa, na katika tope jingi hupatikana mchanga mchache uliojaa dhahabu. Mchanga huo ukioshwa tena kwa uangalifu huweza kuyeyushwa pamoja na boraksi, chumvi ijulikanayo na wafua dhahabu, na dhahabu ikatoka bila tone la zebaki. Wachimbaji wadogo wa kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino, wamekuwa wakitumia boraksi hivyo.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba bakuli hilo ni muujiza. Linataka umeme au injini, linataka maji safi mengi, na linataka mawe yasagwe sawasawa. Dhahabu iliyofungwa ndani ya punje za madini mengine haiwezi kulitii, kwa kuwa uzito wake haujawa huru. Na bei yake ni kubwa kuliko mfuko wa mtu mmoja mwenye sururu na karai. Kwa hiyo swali la zebaki si swali la fizikia peke yake. Fizikia imekwisha kujibu. Swali lililobaki ni nani atakayelimiliki gurudumu.

Nalo hilo si geni kwetu. Mwenye ng'ombe wawili hakuhitaji kununua kiwanda cha maziwa, wala mwenye miti mia mbili ya kahawa hakujenga kiwanda chake. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 wakulima wadogo wengi walipeleka mazao yao katika viwanda vya ushirika, na wakayaosha au kuyatenga kwa mitambo ambayo hakuna mmoja wao angeweza kuinunua. Lililowezekana kwa kahawa na maziwa haliwezi kuitwa ndoto kwa dhahabu. Wachimbaji waliounda chama na kupata kibali wanaweza kuwa na mtambo mmoja, fundi mmoja wa kuutunza, na kitabu kimoja cha hesabu kinachosomwa mbele ya wote. Kitabu hicho nakitaja kwa makusudi. Pipa lisilo na usawa hupasuka, na ushirika nao ni vivyo hivyo.

Ninyi vijana msomao fizikia na kemia leo, baadhi yenu mtaitwa kutengeneza mitambo ya namna hii, iwe midogo, iwe rahisi, iweze kufunguliwa na kufungwa na fundi wa kijijini. Msidhani kwamba mnakwenda kuwafundisha wasiojua. Mama mwenye karai anajua kwa kiganja chake kile ambacho Stokes alikiandika kwa hesabu. Anachokosa ni nguvu ya kuikuza tofauti ile anayoijua, na kwa kuikosa anashika sumu mikononi. Kumpa nguvu hiyo ni kazi ya elimu. Na siku atakapoipata, dhahabu itatoka katika mchanga kama mchele unavyotoka katika pumba, na aliyeitoa atarudi nyumbani na mikono isiyotetemeka.